Umechoka ghafla na hujui kwa nini? Vile utasaka chanzo hospitali, hatua kwa hatua (tokea Mombasa)

Kile kilima cha kutokea feri ya Likoni upande wa kisiwani mnakijua. Sio kirefu, miaka yote nimekipanda na furushi la nguo begani huku naongea na simu. Sasa kuna Jumatatu moja nilishuka feri na ule umati wa asubuhi, nikafika katikati hivi, miguu ikakataa. Haikuuma, ilikataa tu. Nikashika ukuta, moyo wapiga mpaka nausikia masikioni, na nyuma yangu kijana wa mkokoteni apiga kelele "Mama, njia! Mama, njia!" na njia yenyewe siwezi kumpa.

Miezi minne ilipita ndo nikajua nna nini. Nilitibiwa taifodi mara mbili, malaria mara moja na homa sina, nikadungwa sindano za vitamini, nikanunua chupa sijui ngapi za dawa ya kuongeza damu kwa kemisti. Na jibu, walahi, lilikuwa kwa karatasi niliyopewa wiki ya kwanza kabisa kwenye kliniki moja hivi (sitaitaja), imekunjwa ndani ya pochi pamoja na risiti za soko. Namba ilikuwa pale imewekewa alama kuwa iko chini, na hakuna hata mmoja aliyeuliza imeshuka kwa sababu gani.

Mie si daktari, nauza nguo. Lakini binti wa dadangu ni muuguzi na yeye ndiye aliyenikalisha jikoni na ile karatasi akanifunza kuisoma mstari kwa mstari, na baadaye nikawa nauliza kila daktari ninayemuona mpaka wengine wakachoka na mimi. Haya naandika ni ile njia ningetaka mtu anipe ile Jumatatu.

Kabla ya yote: haya usiyangojee kesho

Ukiwa na uchovu wa ghafla pamoja na kifua kubana, au pumzi hazitoshi hata kumaliza sentensi, au umezimia, au mdomo umeenda kombo na mkono mmoja hauna nguvu, au mtu anaongea mambo hayaeleweki, hiyo ni emajensi. Vilevile choo cheusi cha kunata kama lami, kutapika damu, hedhi inayojaza pedi kila saa, mjamzito anayetokwa damu, na homa kali na mtu amechanganyikiwa. Usipande boda ukijishikilia nyuma, tafuta gari na mtu wa kukushika.

Na jambo watu hawalijui: shambulio la moyo haliji kila mara na yale maumivu ya kifua ya kwenye filamu. Kina mama, wazee na wenye sukari wanaweza kupata jasho baridi, kichefuchefu na uchovu wa ajabu tu, basi. Mama wa miaka 60 akikwambia ghafla "najisikia vibaya, sina nguvu" huku anatoka jasho na feni inazunguka, usimpe juisi ya ndimu alale.

Aliyejifungua juzi naye tumwangalie kwa jicho jengine. Akiwa hawezi kulala chali kwa kukosa pumzi na miguu imevimba, sio "uzazi umemchosha", kuna udhaifu wa moyo unaowapata kina mama kuanzia mwisho wa mimba mpaka miezi kama mitano baada ya kujifungua. Apelekwe siku hiyohiyo.

Halafu jiko la makaa. Kama nyumba nzima inaumwa kichwa na kulegea, na mukitoka nje munapata nafuu, zimeni jiko, fungueni madirisha, tokeni nje, kisha hospitali. Moshi wa makaa una gesi haina harufu, inaingia kwenye damu inachukua nafasi ya hewa safi. Msimu wa mvua watu wanafunga madirisha na jiko liko ndani, hapo ndo balaa.

Hatua ya 1: Umechoka vipi hasa?

Neno "nimechoka" linabeba vitu vinne tofauti na daktari akisikia hilo tu atakuandikia chochote. Kaa chini ujiulize ni upi wako.

Kuna usingizi, yani ukikaa kwa matatu kabla haijafika Buxton ushalala. Kuna pumzi na moyo, ukitulia uko sawa ukipanda ngazi umekwisha, huu ndo ulikuwa wangu na mara nyingi unaelekeza kwa damu, moyo au mapafu. Kuna misuli yenyewe kuwa dhaifu. Huu una kipimo cha nyumbani kizuri sana: kaa kwenye mbuzi ukune nazi, halafu inuka bila kushika kitu. Kama zamani uliinuka na leo lazima ushike meza au uvutwe mkono, mwambie daktari maneno hayohayo, kwa sababu hapo anafikiria chumvi za mwili (potasiamu), tezi ya shingo, misuli, mishipa ya fahamu, sio damu peke yake. Na kuna ule wa nne, mwili unaweza lakini moyo hautaki, hamu ya kitu chochote imeondoka. Huo nao ni ugonjwa na una matibabu, nitaurudia.

Unaweza kuwa na miwili pamoja. Andika yote.

Hatua ya 2: Daftari la siku saba

Usicheke, hili daftari ndilo lililoniokoa kuliko mashine yoyote. Daftari la shilingi chache la watoto wa shule. Andika uchovu ulianza lini (tarehe, sio "kitambo kidogo"), na wiki tatu nne kabla yake kulitokea nini. Uliugua homa? Sisi wa Mombasa dengi imetupitia mara kadhaa, 2013 kulikuwa na mlipuko mkubwa, na mwisho wa 2017 kuingia 2018 chikungunya ikaangusha watu mtaa kwa mtaa, na hizi homa za mbu zikiondoka zinaweza kukuachia uchovu na viungo kuuma wiki nyingi, chikungunya hata miezi. Kovidi vilevile. Ukimwambia daktari "nilikuwa na homa kali na macho yanauma kwa nyuma mwezi uliopita" umeshamwokolea nusu ya kazi.

Andika saa unazolala na kama unakoroma (muulize unayelala naye, wewe hujui). Andika kama umeanza shifti ya usiku bandarini. Uzani wako, kama nguo zinapwaya. Choo rangi gani. Usiku unaamka mara ngapi kukojoa. Na muguka (yale majani ya kutafuna, ndugu ya miraa), tafadhali andika muguka, daktari sio askari: mtu anatafuna mpaka alfajiri, halali, hali, kesho yake anashangaa mbona hana nguvu, nguvu zenyewe alizikopa jana.

Dawa nazo. Chukua mfuko wa plastiki utie kila kitu unachomeza, hata cha mitishamba, hata ile ya jirani. Piriton na dawa nyengine za mafua na allergy zinalaza. Dawa kadhaa za presha kama atenolol zinaweza kukulegeza, na zile za kukojoza zinashusha chumvi mwilini, tena mwezi wa tatu jua linapochoma na mtu anatoka jasho siku nzima anakunywa maji matupu lita kwa lita. Metformin ya sukari ukiitumia miaka mingi inaweza kushusha vitamini B12. Diclofenac na ndugu zake, zile tunazonunua mbili mbili za mgongo, zinachubua tumbo likawa linavuja damu kidogokidogo bila wewe kujua. USIACHE dawa ya presha au sukari mwenyewe lakini, ipeleke tu ionekane.

Kina mama, andikeni pedi. Hapa ndo nilijiona. Daftari langu lasema: siku ya pili, pedi 9, usiku niliamka mara mbili kubadilisha, mabonge kama ini la kuku. Siku saba. Nikamuonesha mamangu, akasema "sisi kwetu ndivyo tulivyo, hata bibi yako alikuwa hivyo." Na bibi yangu, nikikumbuka, alikuwa akipumzika kwenye baraza kila hatua kumi na sisi watoto tukidhani ni uzee.

Swali jengine la kuona haya: unatamani kula udongo, barafu, mchele mbichi? Mie barafu. Nilikuwa nanunua za mfuko nazitafuna mpaka wateja wananiangalia. Hiyo tamaa mara nyingi ni mwili hauna madini ya chuma.

Hatua ya 3: Kumuona daktari na kumpa maneno ya kumsaidia

Anza na kituo cha afya cha karibu, sio lazima ukimbilie hospitali kuu ya Makadara siku ya kwanza, wakiona inahitajika watakuandikia rufaa. Hakikisha SHA (bima ya afya ya serikali) umejisajili mapema, sio pale dirishani na foleni nyuma yako.

Usiseme "naskia kuchoka daktari". Sema hivi: "Mwezi wa kwanza nilikuwa napanda kilima cha feri na mzigo, saa hii nasimama mara mbili bila mzigo." Kabla na sasa. Halafu toa daftari. Halafu nyamaza umwache aulize.

Na aliyekuwa makini atakugusa. Atafungua kope la jicho aangalie wekundu, atashika shingo kama kuna tezi au mitoki, atabonyeza tumbo kusaka bandama na uvimbe, atabonyeza mguu kama linabaki shimo, atapima presha umelala kisha umesimama, atakupima uzani. Kama umeingia ukatoka kwa dakika tatu na karatasi ya dawa tano bila mkono wa mtu kukugusa, bado hujaonwa.

Hatua ya 4: Vipimo, na pesa zako usizitupe

Hapa lazima nilalamike. Ukiwa pwani ukasema umechoka, kitu cha kwanza utapimwa malaria na taifodi. Malaria sawa, tuko ukanda wake, kama una homa au baridi pima, lakini ujue kile kipimo cha haraka cha kitone cha damu kinaweza kuendelea kuonyesha umeambukizwa wiki kadhaa baada ya kupona, ndo maana kama umetibiwa juzi bora uombe waangalie kwa darubini.

Taifodi sasa. Kile kipimo cha Widal, kile cha dakika chache wanakuletea karatasi imeandikwa 1:80 au 1:160, hakioni mdudu. Kinaona tu kinga ambazo mwili ulitengeneza, na zinaweza kuwa za zamani, za chanjo, au za wadudu wengine wa jamii hiyo. Watu kibao wazima kabisa hapa mjini ukiwapima leo watatoka "wana taifodi". Taifodi ya kweli ina homa inayoendelea siku kwa siku, na inathibitishwa kwa kuotesha damu maabara, na majibu yanachukua siku kadhaa. Mie nilimeza antibayotiki siku kumi na nne mara mbili kwa sababu ya kale kakaratasi, tumbo likaharibika, na uchovu uko palepale.

Sasa ukiwa na pesa ya kipimo kimoja tu, omba hemogramu kamili, ile karatasi inaandikwa FBC au CBC. Sio ghali sana na ina habari nyingi. Iangalie hivi:

Hb ndiyo wingi wa damu. Mwanamke asiye mjamzito ikiwa chini ya 12 ana upungufu, mjamzito chini ya 11, mwanamume chini ya 13. Yangu ilikuwa 7.4. Iliandikwa pale wiki ya kwanza!

MCV ni ukubwa wa chembe nyekundu, kawaida kati ya 80 na 100. Ikiwa chini, mara nyingi chuma kimekwisha, au una damu ya kurithi ya thalasemia ambayo huku pwani sio ngeni. Ikiwa juu ya 100 wanafikiria B12, foleti, pombe, ini, tezi, na baadhi ya dawa. Halafu chembe nyeupe, zikipanda sana au zikishuka sana kuna maambukizi au jambo kubwa zaidi la kufuatiliwa, na plateleti, chembe za kugandisha damu, ambazo kwenye dengi hushuka.

Pamoja na hemogramu kwa raundi ya kwanza omba sukari, mkojo, figo na chumvi za mwili, na kipimo cha mimba kama kuna hata uwezekano mdogo (msichana mmoja sokoni kwetu alizunguka wiki sita na "vidonda vya tumbo", vidonda hivyo sasa vinatambaa vinavuta nguo zangu). HIV pimeni, vituo vya serikali ni bure na ni dakika chache. Kama una kikohozi wiki mbili, jasho la usiku linalolowesha shuka na kukonda, makohozi yapelekwe kwa kipimo cha TB, nacho pia bure serikalini.

Raundi ya pili, kutegemea umeonekana na nini: ferritini ya chuma, TSH ya tezi, ini na hepatitisi B, B12, ECG ya moyo, picha ya kifua. Usikubali ile "paketi ya mwili mzima" ya vipimo 60 wanayotangaza kwa mabango kabla mtu hajakusikiliza. Ukipima vitu 60 viwili vitatu vitatoka nje ya mstari kwa bahati tu, utaanza kukimbizana navyo na ulichokifuata umekisahau.

Na piga picha kila karatasi kwa simu. Zile karatasi zinafifia, zangu za mwanzo sasa hazisomeki.

Hatua ya 5: "Damu iko chini" sio jina la ugonjwa

Hii ndo hatua watu wengi wanaishia njiani. Unaambiwa damu chache, unapewa vidonge, unarudi nyumbani kula maini na juisi ya bitiruti na mtu wa WhatsApp amekwambia unywe soda nyeusi na maziwa (usinywe, haina kitu). Sawa, lakini damu imeenda wapi? Ndoo ikipungua maji husemi ndoo ni mgonjwa, unatafuta tundu.

Kwanza thibitisha ni chuma. Ferritini ni ghala ya chuma mwilini, chini ya 15 ghala tupu kabisa, na madaktari wengi wakiona chini ya 30 na una dalili wanahesabu kuwa huna. Ila ukiwa na maambukizi au uvimbe wowote mwilini ferritini hupanda kwa uongo, kwa hivyo ya "kawaida" wakati una homa haikuhakikishii. Yangu ilikuwa 6.

Halafu tundu. Kwa wanawake wa umri wa kuzaa la kwanza ni hedhi, na hedhi nzito ina sababu yake, uvimbe wa kizazi, homoni, hata matatizo ya kuganda damu. Altrasaundi ya tumbo ikaonyesha nna fibroidi (uvimbe wa kizazi) tatu, moja imeingia ndani kwenye ukuta inakotokea damu. Hapo ndo kilima cha feri kilipopata jina.

La pili ni tumbo. Zile diclofenac, vidonda, bawasiri. Na hapa nisikilizeni vizuri: mwanamume mwenye upungufu wa chuma, na mwanamke aliyeacha kuona siku zake, hao hawana hedhi ya kusingizia, lazima tumbo na utumbo uangaliwe kwa kamera, kwa sababu saratani ya tumbo au utumbo mpana inaweza kujitambulisha kwa uchovu tu miezi mingi kabla ya maumivu. Mzee akipewa vidonge vya chuma akaambiwa aende, rudini muulize.

La tatu, safura. Wazee wetu walikuwa na neno kabla ya maabara: mtu amepauka, amevimba uso, anahema, anakula udongo, "ana safura". Ni minyoo midogo inayoingilia nyayo ukitembea peku kwenye mchanga wenye uchafu, inajishika kwenye utumbo inanyonya damu kila siku. Kama uko shambani Kwale au Kilifi au mnatumia choo cha nje, peleka choo kipimwe. Wakati uko huko, kama mkojo unatoka na damu mwishoni, taja kichocho, na utaje kama unaoga au kuvua kwenye mabwawa na mito.

La nne ni la kurithi, seli mundu (sickle cell), huku kwetu ziko familia nyingi nazo. Mwenye kubeba nusu, yani amerithi kwa mzazi mmoja tu, kwa kawaida hachoki kwa sababu hiyo, mwenye ugonjwa wenyewe kwa kawaida anajulikana utotoni, ila wako wanaogunduliwa ukubwani. Ndo sababu usimeze chuma mwaka mzima kwa kubahatisha bila ferritini, damu zengine hazikosi chuma na kikizidi kinaharibu ini na moyo.

Ukishapewa vidonge vya chuma: kimoja kwa siku kinatosha wengi, na ukisumbuka tumbo muulize daktari kuhusu siku moja unakula siku moja unaruka, mwili unakichukua vizuri hivyo. Meza na maji ya ndimu au chungwa. Chai iwe mbali saa moja mpaka mbili, kabla na baada, strungi (chai ya rangi) na kahawa zinakamata chuma tumboni kisiingie. Mie asubuhi yangu miaka ishirini ilikuwa mahamri, mbaazi na strungi vikombe viwili, kwa hivyo hata hicho kidogo cha kwenye mbaazi nilikuwa nakiosha. Choo kitakuwa cheusi, ni dawa, usishtuke, ila kikiwa cha kunata na kunuka vibaya sio dawa hiyo. Vifungie mbali na watoto, vidonge vya chuma vinaweza kumuua mtoto mdogo.

Baada ya mwezi rudia Hb. Ikiwa haijapanda angalau namba moja (kama kutoka 7.4 hadi 8.4), ama humezi, ama hakiingii, ama tundu bado linavuja. Ikifika kawaida unaendelea kama miezi mitatu mengine kujaza ghala. Watu wanaacha siku wanayoskia nafuu na mwaka ujao wako palepale.

Hatua ya 6: Damu ni nzuri lakini bado umechoka

Sukari. Ya asubuhi hujala, 7.0 au zaidi ni kisukari (wanarudia kuthibitisha kama huna dalili), na ya wakati wowote 11.1 na zaidi pamoja na kiu na kukojoa sana. Ile ya miezi mitatu, HbA1c, ni 6.5 au zaidi, ila kwa mwenye seli mundu au damu chache inaweza kudanganya, mkumbushe daktari. Mtu aliyekonda ghafla, anakunywa maji kama mchanga, anatapika na anahema, ni emajensi.

Tezi ya shingo. Hii napenda kuieleza kwa Kimombasa: ukiwa ndo wewe peke yako unayejifunika shuka Februari, choo kigumu, ngozi kavu, sauti imekuwa nzito, uzani unapanda na huli kitu, pima TSH. Kawaida kiasi cha 0.4 mpaka 4. Ikiwa juu tezi imelala. Ikiwa chini sana tezi inakimbia, hapo utaona mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio na unakonda. Kama unameza vidonge vya nywele na kucha vyenye bayotini, acha siku mbili tatu kabla ya kutolewa damu, vinavuruga majibu.

Usingizi. Mume anayekoroma halafu ananyamaza kama amekata roho halafu ashtuka kama anazama, huyo koo linajifunga usiku. Anaamka na kichwa kizito, analala kwa usukani. Wenye tuktuk na malori ya Changamwe, hili ni lenu.

Figo, ini na moyo majibu ya damu na ECG yataanza kuonyesha, siingii sana. Vitamini D, ndiyo, hata na jua letu hili mtu anayeshinda ndani na akitoka kajifunika anaweza kupungukiwa, lakini usiifanye ndo jibu la kwanza, imekuwa fasheni.

Na moyo usiotaka. Kama wiki mbili na zaidi hakuna kinachokufurahisha, unaamka saa tisa usiku na mawazo, chakula hakina ladha, mwambie daktari kama unavyomwambia tumbo. Nilichelewa kumwamini shoga yangu mmoja aliyekuwa akisema "mie mwili mzito", tukampa visomo na makombe (aya zinazoandikwa, zikaoshwa na kunywewa), visomo havina ubaya, lakini alihitaji pia daktari na alipompata alibadilika. Ukifikiria kujidhuru, usilale na hilo peke yako usiku huo, mwambie mtu na mwende hospitali.

Hatua ya 7: Vipimo vyote "sawa"

Karatasi safi maana yake vitu hivyo ulivyopimwa haviko, haina maana unajifanya. Omba tarehe ya kurudi, wiki nne mpaka sita, na rudi na daftari jipya, kwa sababu magonjwa mengine mwanzo hayaonekani. Uchovu wa baada ya virusi kwa wengi unapungua taratibu. Ukipita miezi sita, na ukifanya kazi kidogo leo kesho na kesho kutwa unaanguka kitandani, taja hilo la kuanguka baadaye, kuna ugonjwa wa uchovu sugu ambao hiyo ndiyo alama yake, na huo mtu hajilazimishi mazoezi, anagawa nguvu zake.

Mie kwa sasa fibroidi zinafuatiliwa, dawa ya kupunguza hedhi natumia, pedi zimeshuka kutoka 9 hadi 4 siku ya pili. Hb mara ya mwisho 11.8, ferritini 22, bado. Narudi mwezi ujao. Strungi nainywa saa nne, mahamri saa moja, na kijana wa mkokoteni bado anapiga kelele, ila siku hizi nampa njia.